Nilizunguka Masisi na kitabu cha watalii cha enzi za Wabelgiji, nikitafuta kaburi la dada yangu

Wakuu, nawasalimu wote, wa Dar, wa Nairobi, wa Buja, na sisi wa Goma tunaosoma humu miaka yote bila kuchangia chochote.

Leo nachangia. Nitakachoandika kimenipata mimi mwenyewe na mama yangu mzazi. Sijaongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, na picha sina. Hata ningekuwa nazo nisingeweka, mtaelewa sababu mkifika chini.

Kiswahili chetu cha Goma mnakijua, mnakicheka kila siku. Nitajitahidi kuandika chenu. Ila maneno ya watu nitayaacha vile walivyoyasema, maana nikiyanyoosha hayatakuwa yao tena.

Tuingie kwenye uzi.

Mzee wangu alifariki mwaka huu. Alikuwa dereva wa lori, na baba yake kabla yake alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye mifugo huko milimani Masisi. Siku ya kugawa vitu vyake, kaka zangu walichukua redio, baiskeli na makoti. Mimi kitinda mimba nikaachiwa kisanduku cha bati.

Ndani kulikuwa na leseni zake za zamani, funguo za magari ambayo hayapo tena duniani, na kitabu.

Hicho kitabu sote nyumbani tunakijua. Kidogo, kinene, jalada lilikuwa jekundu sasa limekuwa kahawia, kimeandikwa kwa Kifaransa. Ni mwongozo wa watalii wenye magari, wa enzi za Wabelgiji. Mzungu alimwachia babu, babu akamwachia mzee.

Kinakupeleka barabara moja moja, kilometa kwa kilometa. Kilometa 9, mwinuko mkali, piga honi kwenye kona. Kilometa 14, simama upige picha, mandhari ya ziwa. Kilometa 22, nyumba ya wageni, vitanda vinne, maji ya moto ukitoa taarifa mapema, siagi na jibini la hapo hapo.

Tulipokuwa watoto mzee alikuwa anatusomea jioni, sisi tumelala na sombe, yaani kisamvu chenu, tumboni. Akifika kwenye maji ya moto ukitoa taarifa mapema, tunacheka mpaka tunatoa machozi. Sisi wa kubeba madumu!

Sasa, mzee hakuwahi kuandika kitu ndani ya kile kitabu. Alikuwa anakifunga kwa kitambaa kama Biblia. Kwa hiyo nilipofungua ukurasa wa barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi, nikaona penseli pembeni, nilishangaa.

Mwandiko wake kabisa. Maneno machache.

"31. Kushoto. Juu ya mutaro. Nimepanda mupaka."

Nikampelekea Mama. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamsomea. Akaweka ungo chini taratibu.

"Njo pale," akasema, yaani ndipo pale. "Njo pale aliweka Furaha."

Hapa nirudi nyuma kidogo ili msipotee.

Mimi nilikuwa na dada. Anaitwa Furaha. Sikumkuta. Wakati wa vita ya kwanza ya huku kwetu, miaka ya tisini, wazazi wangu walikuwa wanaishi Walikale, mzee anaendesha lori la mbao. Mambo yalipoharibika wakakimbia kuelekea Goma, kwanza kwa lori, lori likaachwa, halafu kwa miguu. Mama alikuwa na mimba yangu, na amevimba miguu. Kaka zangu wanatembea. Furaha alikuwa na miaka mitatu, na ana homa tangu Nyabiondo.

Kufika ile milima kabla ya Bihambwe mtoto akazidiwa. Watu nyuma wanapiga kelele kwamba risasi zinakaribia. Mzee akamwambia Mama atangulie na kundi la wanawake, yeye atabaki na mtoto apumzike kidogo, watakutana mbele.

Mama akatangulia. Mzee aliwakuta jioni, mikono mitupu.

Alichosema ni neno moja tu. "Nimemuficha muzuri."

Hakusema tena. Sio siku ile, sio miaka yote iliyofuata. Mama aliuliza mwanzoni, mzee anatoka nje. Baadaye akaacha kuuliza. Nimekulia kwenye nyumba ambayo jina Furaha halitajwi, na mimi niliyezaliwa wiki chache baada yake nilidhani hilo ni jambo la kawaida.

Najua kuna atakayeuliza, "nimepanda mupaka" maana yake nini?

Kwetu milimani shamba halina ukuta wala seng'enge. Mpaka ni mti. Kuna mti mmoja wa majani marefu membamba, unakata tawi, unachomeka ardhini, linaota lenyewe. Mti huo ukiona umesimama unajua hapa shamba la mtu limekoma. Hakuna anayeukata. Anaweza kuiba mbuzi wako, anaweza kukuibia mke, lakini mti wa mpaka haugusi, kwa sababu akiugusa kilima kizima kitamgeuka.

Mzee alikuwa mjanja. Angeweka msalaba, wangeufanya kuni. Angeacha tuta, wangelima juu. Kwa hiyo alichomeka tawi la mpaka juu ya mwanawe, ili asiwepo mtu wa kupitisha jembe pale. Mama alilielewa hilo papo hapo. Mimi ilibidi nielezwe.

"Nataka nimulete," Mama akasema. "Alale karibu na papa yake."

Kaka zangu walikataa. Walisema barabara ile siyo ya kwenda kutalii, wenye bunduki wamejaa, mifupa yenyewe itakuwa imeisha. Walichosema kilikuwa na akili, siwalaumu. Mama akajibu kwamba basi atapanda moto peke yake, yaani pikipiki, na jembe atabeba begani. Mama yangu akisema kitu hivyo, ujue kesho hayupo.

Basi nikaazima gari la shemeji, jeep kuukuu lakini mita ya kilometa inafanya kazi. Nikaweka jembe na beleshi nyuma. Mama akaweka kitenge kipya kabisa, hakijakatwa, na kikapu chenye kifuniko. Kitabu akakipakata mwenyewe.

Mkuu mmoja hapa chini atauliza kwa nini sikutumia ramani ya simu. Mkuu wangu, simu ingenipeleka Bihambwe. Hesabu ya mzee ilikuwa ya kile kitabu, na kitabu kinaanza kuhesabu Sake. Kilometa sifuri ni Sake.

Tukafika Sake asubuhi, nikaweka mita kwenye sifuri, tukaanza kupanda.

Mama hajui Kifaransa. Kila kona ananigeukia. "Kitabu inasema nini hapa?"

Nasimamisha gari, nasoma. Inasema hapa ni pazuri kupiga picha, ziwa linaonekana lote. Mama anaangalia. Ziwa linaonekana kweli. Na chini yake, mahema ya maturubai meupe yaliyochakaa, mengine yamebaki miti tu, watu wamekwisha kuhamishwa tena.

"Sawa," anasema. "Tuende."

Kilometa 22 ile nyumba ya wageni ya maji ya moto. Wakuu, nilikuwa nimeisubiri tangu utoto. Kimebaki kiwanja cha saruji chenye nyasi, na ngazi tatu zinazopanda kwenda hewani. Mama mmoja alikuwa ameanika mihogo juu ya ile saruji. Nilimuuliza kama anajua palikuwa na nini, akasema palikuwa na kambi ya wasoda, yaani wanajeshi, na kabla ya hapo hajui. Sikucheka. Mama yangu alishuka akanunua mihogo.

Mbele kidogo kuna bariera, kamba imekatiza barabara. Kijana mwenye bunduki akaangalia kila kitu, jembe, beleshi, kikapu, halafu akaona kitabu. Akakichukua. Akaona kina ramani.

Huko ukikutwa na ramani, jembe na beleshi, wewe ni mtu wa madini au ni mpelelezi, na vyote viwili ni vibaya.

"Ni kitabu ya nini hii?"

Nikaanza kubabaika na Kifaransa cha ofisini. Mama akanikata.

"Ni ya bwana yangu. Amekufa. Alikuwa chauffeur. Naenda kuangalia njia yake."

Yule kijana akafungua, akasoma polepole kwa kidole, anajua kusoma. Akafika mahali akainua kichwa. "Ati kuna hoteli? Wanapika samaki wa mutoni na divai? Iko wapi?"

"Haiko tena," Mama akasema.

Akaendelea kusoma kurasa mbili, tatu, sisi tunangoja. Akarudisha kitabu, akashusha kamba. Nilimwangalia kwenye kioo, alikuwa bado anatuangalia. Hana hata ndevu.

Tukapita njia panda ya Rubaya. Kitabu kuhusu kile kilima kinasema malisho mazuri, ng'ombe wa maziwa, basi. Sasa tulipishana na watu wenye mifuko mizito kichwani na mgongoni, wote wana rangi moja ya udongo, wanateremka na mawe ya koltani. Mama alihesabu kwa sauti mpaka akachoka.

Mita iliposoma kilometa 31 tulikuwa mahali pasipo na kitu.

Kushoto ni genge. Miti ya mikaratusi imening'inia, chini mto. Hakuna mtaro, hakuna shamba, hakuna mti wa mpaka. Nikaenda mbele kilometa moja, nikarudi nyuma moja, nikijua barabara imehamishwa na maporomoko. Nikateremka lile genge kwa makalio. Nikachanwa na miiba, nikapoteza kiatu kimoja, nikakipata.

Saa mbili nzima. Mama amesimama juu ukingoni, ananiita kila mara asije akanipoteza na mimi.

Niliporudi juu nilikuwa nimekasirika. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nikamwambia Mama maneno ambayo najuta mpaka leo. Nilimwambia, "Labda papa aliandika tu ili moyo wake utulie. Labda hakuzika. Labda alimwacha."

Mama aliingia kwenye gari, akafunga mlango taratibu.

Tulilala Kingi kwa binamu yake. Walitupa bugali na maharage. Mama hakula.

Asubuhi nikawasha gari. Uwanja ni mdogo, nikawa nageuza, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka pua ya gari ikaelekea Goma. Mama amesimama pembeni na kikapu chake anaangalia. Mara akapiga mkono kwenye boneti.

"Simama! Sasa gari inaangalia wapi?"

"Goma, Mama."

"Papa yako siku ile alikuwa anaenda wapi?"

Mungu wangu.

Walikuwa wanatoka Walikale. Mzee alikuwa anateremka. Kushoto kwake ni kulia kwangu. Na mzee alikuwa dereva, dereva haandiki kushoto kwa kitabu, anaandika kushoto kwa usukani wake, hata siku ambayo hana usukani, anatembea kwa miguu na mtoto mgongoni. Mimi mwenye diploma nilitumia siku nzima kwenye genge.

Nilimwomba Mama msamaha pale pale, injini inawaka. Akasema, "Endesha."

Tulirudi kilometa 31. Upande wa pili wa barabara kuna mtaro wa maji, wa zamani, wa mawe. Juu yake ukingo, na juu ya ukingo shamba.

Mama aliuona kabla yangu. Mti mmoja, mrefu kuliko mtu mara tatu, majani yake marefu yanacheza. Huku maharage, mistari imenyooka. Kule nyasi na ng'ombe saba nane wanakula. Mti katikati, peke yake.

Nilidhani nitamshika mkono kwenye mtaro. Alivuka mwenyewe, miaka sabini na kitu, akapanda ukingo kwa magoti.

Alikuwa amebakiza hatua chache nikasikia sauti.

"Mama! Mama, simama! Usiguse ule muti!"

Ni mzee mmoja anakuja kutoka kwenye maharage, jembe begani, anakimbia kadiri anavyoweza. Nitamwita Papa Bahati. Hakuwa mkali, alikuwa na hofu. Nyuma yake, kutoka upande wa ng'ombe, akaja mama mmoja mrefu, kitenge amefunga kifuani, dumu la maziwa mkononi. Nitamwita Mama Solange.

Salamu kwanza. Kwetu hata ukikuta nyumba inaungua unaanza na salamu. Mama akasema anatoka Goma, kwamba zamani za vita alipita hapa na familia yake, ametaka tu kupaona.

"Karibu," Papa Bahati akasema. "Ila ule muti munisamehe. Ule njo mupaka yetu. Njo uliokoa sisi."

Na akaeleza. Nawapa kwa kifupi, yeye alieleza kwa urefu na kwa mikono.

Vita ilipotulia kidogo watu walirudi kutoka kambini wakakuta milima imekuwa msitu. Hakuna anayejua shamba lake linaanzia wapi. Ng'ombe wa kina Solange wakaingia kwenye maharage ya kina Bahati. Mtoto wa Papa Bahati akakata ng'ombe mguu. Kaka yake Mama Solange akamkata huyo mtoto mkono kwa panga. Kilima kikagawanyika, huku wakulima, kule wafugaji, kila upande unanoa.

Wazee wa pande zote wakapanda hapa kutafuta alama. Wakatembea siku nzima, hakuna kitu. Kisha wakaona mti mmoja wa mpaka.

"Wakasema, mutu hapandi huu muti bure," Papa Bahati akasema. "Ni mukubwa yangu alipanda. Baba ya baba yangu."

"Ni wa baba mukwe yangu," Mama Solange akasema, kwa upole, inaonekana ni ubishi wao wa kila siku. "Lakini haizuru. Muti ulisema ukweli. Tulikubali pale pale. Tangu siku ile hakuna damu."

Walisema kila msimu, kabla ya kupanda maharage, familia mbili zinakuja siku moja. Kila upande unapalilia wake mpaka kwenye shina. Kina Bahati wanaleta maharage, kina Solange wanaleta maziwa, wanakula hapo hapo. Yule mtoto aliyekatwa mkono naye huwa anakuja, sasa ana watoto wake.

Wakuu, mimi nilikuwa nimesimama na beleshi mkononi.

Babu wa Papa Bahati hakupanda. Baba mkwe wa Mama Solange hakupanda. Aliyepanda ni dereva wa lori wa Walikale, hana hata hatua moja ya ardhi kwenye kile kilima. Watu wale wameacha kuuana kwa sababu ya dada yangu wa miaka mitatu.

Nikafungua mdomo. Kweli nilitaka kusema. Nilitoka Goma kuja kusema, nimechanwa na miiba kwa ajili ya kusema. Mama akanishika kwenye kiwiko, akanivuta pembeni mpaka kwenye mtaro.

"Weka hiyo beleshi kwa gari."

"Mama, tumekuja kumuchukua!"

"Nimeona."

"Yuko pale! Uko karibu kumugusa! Papa yuko peke yake kule Goma, na wewe ulisema..."

"Nikimutoa, muti utaanguka. Ukianguka, kesho wataanza kuulizana shamba inaishia wapi." Alikuwa anaongea chini chini, machozi yanateremka bila yeye kuyafuta. "Mimi niliacha mutoto kwa njia. Unataka niache na wa wengine?"

Nilimwambia sio haki. Nilisema kwa sauti ya juu, nusu ya kulia. Nilisema wale watu wanaishi juu ya uongo na sisi ndio tunaolipa.

"Papa," akaniita hivyo, jina la mapenzi ambalo mama wa kwetu humwita mwanawe wa kiume, "mimi njo mama yake. Nimeamua."

Nikapeleka beleshi kwenye gari. Sikuwahi kubeba kitu kizito kama kile.

Mama akarudi kwa wale wawili. Akawaomba kitu kimoja, kwamba kwa kuwa mti huu umefanya kazi kubwa hivyo, na yeye ni mzee hatarudi tena, wamruhusu apalilie chini yake kidogo. Wakaangaliana. Mgeni hapalilii mpaka wa watu, haijawahi kuonekana. Papa Bahati akafikiri, akasema sawa, lakini jembe hapana. Mikono tu.

"Mikono inatosha," Mama akasema.

Akapiga magoti. Akaanza kung'oa majani, moja moja, na mizizi yake, anakung'uta udongo unarudi pale pale. Hakulia tena. Midomo ilikuwa inacheza lakini sikusikia kitu. Papa Bahati aliona muda unapita akarudi kwenye maharage yake. Mama Solange alibaki, ameegemea fimbo ya ng'ombe, anaangalia.

Nami niliangalia. Jua lilikuwa limepanda.

Alipomaliza akatandaza kile kitenge kipya pale alipopalilia, akakilainisha kwa viganja, akakiacha kidogo, halafu akakikunja tena akakirudisha kwenye kikapu. Akasimama. Magoti yake yalikuwa meusi kwa udongo na hakuyapangusa.

Tukaagana. Nikamvusha mtaro, nikamweka kwenye kiti, nikawasha gari.

Hapo nikaona kwenye kioo Mama Solange anakuja haraka, dumu linagonga kwenye goti lake. Akafika upande wa Mama, akaingiza dumu dirishani. Maziwa ya asubuhi. Mama akamshukuru. Mama Solange hakuondoka. Ameshika mlango, anaangalia nyuma kule kwenye maharage kama Papa Bahati anasikia.

Halafu akauliza, polepole sana.

"Mama, alikuwa mutoto mwanaume ao mwanamuke?"

Nilizima gari. Sijui kwa nini, mkono ulizima wenyewe.

Mama alimwangalia. "Umejuaje?"

"Watu wanapalilia muti kwa kuzunguka. Wewe umepalilia upande moja tu, kipande kirefu hivi." Akaonyesha kwa mikono yake miwili. Urefu wa mtoto wa miaka mitatu.

"Mwanamuke," Mama akasema. "Furaha."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusikia mama yangu akimtajia mtu wa nje jina hilo.

Mama Solange akalirudia. Furaha. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Sitasema na mutu," akasema. "Hata bwana yangu. Lakini siku ya kupalilia, jembe haitafika pale. Pale nitafanya mimi, na mikono. Nikifa, binti yangu atafanya. Nitamuambia ni desturi."

Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili kupitia dirishani, wakagusanisha mapaji ya uso. Wakakaa hivyo. Ng'ombe walikuwa wameanza kuingia barabarani na hakuna aliyewajali.

Njiani kurudi sikusoma kitabu, na Mama hakuuliza kinasema nini.

Ndiyo hivyo wakuu. Somo nililopata sijui kama nitalisema vizuri. Nilikwenda nikidhani haki ya mama yangu ni mifupa ile, na anayeizuia ni adui. Sasa nadhani kuna kitu mtu anaweza kukidai, akawa na haki yote ya kukidai, na bado akakiacha, na isiwe ujinga. Lakini kuna siku hasira zinanirudia, nawaza kaburi la mzee lilivyo peke yake, nasema tulipaswa kuchimba. Siwadanganyi, sijamaliza nalo.

Kwa hiyo nawauliza, na msinionee aibu. Wewe ungefanyaje? Ungenyamaza? Wenye wapendwa waliobaki njiani, njooni mseme na ninyi, hata kwa mstari mmoja. Wa matusi ya kabila nawaomba mkae mbali na uzi huu.

La mwisho. Juzi Mama alikwenda kuandikishwa kwenye kituo cha afya, nesi akamuuliza ana watoto wangapi. Maisha yake yote hujibu watano, nimemsikia mara mia.

Akasema sita. Nesi akauliza wote wako Goma?

"Watano njo wako hapa," Mama akasema. "Binti yangu njo anaishi Masisi. Iko na majirani wazuri."

Nesi akaandika.